Bi Mwanamkasi Hajaalikwa

Mji wa Tanga una waratibu wengi kuliko mambo ya kuratibu. Pita Raskazone, kwenye zile nyumba kubwa za kikoloni zenye baraza pana, uone. Kila lango lina kibao, na nyuma ya kila kibao yuko mratibu: mratibu wa mradi, mratibu wa mafunzo, mratibu msaidizi wa mafunzo ya waratibu. Wanakunywa chai, wanaandaa warsha, na warsha yenyewe huwa inahusu namna ya kuandaa warsha. Vyama vya siasa navyo vina waandaaji wao, ambao kazi yao ni kuhakikisha kwamba wananchi waliojitokeza kwa hiari wamepakiwa kwenye magari mapema. Timu ya mpira wa mtaa ina mratibu pia, ndiyo maana mechi huanza mpira ukiwa bado haujaletwa. Vijana wa kumbi za harusi wanajiita maoganaiza. Wanavaa miwani myeusi ndani ya ukumbi na kuning'iniza waya sikioni, na ukiufuata ule waya hadi mfukoni utakuta haujachomekwa popote. Kwenye maduka ya vyombo vya plastiki, oganaiza ni kisanduku chenye vyumba vidogo vidogo vya kutia hereni, pini na vijiko. Kati ya wote hao, kisanduku ndicho pekee kinachofanya kazi kinayodai kuifanya.

Sasa njoo Nguvumali umtafute Bi Mwanamkasi binti Suleimani. Hana kibao. Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mpana, mshonaji wa foronya na mashuka, na sauti yake inafika mahali kabla ya yeye mwenyewe kufika. Mtu akifa, mtu akioa, mtoto akichinjiwa akika, maulidi yakitaka kusomwa, watu hawasemi "tumtafute mratibu." Wanasema "kamwiteni Bi Mwanamkasi," na baada ya hapo kila mtu anashusha pumzi, kwa sababu tangu dakika hiyo hakuna anayetakiwa kufikiri tena. Anajua nani ana masufuria makubwa na nani ana masufuria makubwa lakini ana roho ndogo. Anajua ndugu gani hawali sinia moja tangu kesi ya shamba. Anajua mzee gani ukimkalisha karibu na jiko atakula mara mbili, na ukimkalisha mbali atasema amedharauliwa kisha bado atakula mara mbili.

Lakini kazi yake kubwa, iliyompa jina, ni kualika. Kwetu harusi haialikwi kwa kadi. Kadi ni ya watu wa ofisini, na ujumbe wa simu ni wa kuwakumbusha watu mchango wa taa za mtaa, ambao hawatoi. Harusi inaalikwa kwa mdomo, mlangoni. Mwalikaji anakuja amevaa vizuri, anapiga hodi, anasimama kizingitini. Haingii, hakai, hanywi hata maji. Anasema fulani binti fulani anawaalika kwenye shughuli ya mwanawe: siku fulani kuchambua mchele, siku fulani kupika, siku fulani nikahi na kupamba, yaani bibi harusi kutolewa mbele ya wanawake. Mwenye nyumba anajibu, "Tumesikia, inshallah." Basi, umealikwa. Kama hukusimamiwa mlangoni ukaambiwa hivyo, hujaalikwa, na asiyealikwa haendi, hata kama nguzo ya turubai imefungwa kwenye dirisha lake.

Msidhani natia chumvi. Mzee Mwinyijuma, mwenyekiti wetu wa mtaa, aliwahi kushinda ndani na njaa huku pilau ya jirani ikinukia hadi kwenye mswaki wake, kwa sababu mwalikaji mgeni, si Bi Mwanamkasi, alimkuta mpangaji wake mlangoni akamwalika huyo. Mpangaji alikwenda, akala, akarudi na kumsimulia mwenye nyumba. Mwezi uliofuata kodi ikapanda.

Huo ndio mji, na hiyo ndiyo sheria. Sasa sikilizeni yaliyomkuta mwenye sheria.

Baada tu ya Ramadhani, asubuhi ya siku ya kazi, Khatib alipiga hodi kwa Bi Mwanamkasi. Khatib ni Mpemba wa Wete, mfanyabiashara wa karafuu, mrefu, mpole, anayeogopa bahari kidogo na mkewe zaidi. Mkewe ni Nasma, mdogo wake Bi Mwanamkasi, tumbo moja, baba mmoja. Walihamia Tanga miaka michache baada ya mama wa kina Mwanamkasi kufariki, wakapanga mitaa miwili tu kutoka hapo. Na katika mitaa hiyo miwili, dada hawa wawili walikuwa hawajapeana hata salamu. Wakikutana sokoni, Nasma anageukia nyanya. Bi Mwanamkasi anageukia vitunguu. Wauza nyanya na vitunguu wamefaidika sana na ugomvi ule.

Khatib alikuwa amevaa kanzu na kofia, dalili kwamba hakuja kwa hiari yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai, yakhe, nimetumwa tu."

"Yakhe mwite Mpemba mwenzio. Umetumwa na nani?"

"Na Mama Khairiya."

"Huyo Mama Khairiya ana jina. Mie nilikuwepo anapewa."

Khatib akaiweka kofia yake sawa. "Nimetumwa kwa mratibu."

"Mratibu yupi?"

Khatib akatazama huku na huku, kana kwamba mratibu angeweza kuchomoza nyuma ya pipa la maji. "Weye," alisema kwa sauti ya chini. "Khairiya kaposwa. Kijana wa Maramba, aitwa Abass, watu wazuri, wana mashamba. Harusi mwezi huu huu. Sasa Mama Khairiya asema, tunamwomba mratibu wa Nguvumali atusimamie. Kualika, wapishi, kukaa kwa watu, yote."

"Amesema hivyo hivyo? Mratibu wa Nguvumali?"

"Hivyo hivyo. Alinirudisha toka mlangoni nikariri, nisije nikasema dada."

Kwa mtu wa mbali hili ni ombi la heshima. Kwa mtu wa hapa ni kofi. Khairiya ni mtoto wa mdogo wake, na mama mkubwa wa bibi harusi haombwi kazi. Anaitwa kwenye kikao cha ndugu, anakaa kitandani juu, anapinga mahari, anapinga rangi ya sare, anapinga bwana harusi, kisha anakubali vyote. Kumtumia mtu na kanzu aje kumwita mratibu ni kumwambia: wewe ni fundi wa turubai, njoo ufunge turubai, uende.

"Mwambie mratibu amekubali," akasema Bi Mwanamkasi.

Khatib aliondoka haraka kabla jibu halijabadilika. Kutoka upande wa pili wa ua, Elizabeti alikuwa amesikia kila neno, kwa kuwa alikuwa ameacha kukwangua nazi ili asikie. Elizabeti ni Mbondei wa Muheza, Mkristo, mpangaji mwenzake Bi Mwanamkasi, na rafiki yake wa chumvi na kiberiti tangu wote wawili wakiwa na waume.

"Umekubali nini sasa?"

"Harusi ya Khairiya."

"Mdogo wako amekualika?"

"Amenipa kazi."

"Nimeuliza kingine."

Bi Mwanamkasi alitafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake. "Kwanza kazi," alisema. "Ataiona hiyo kazi. Nitaifanya harusi ambayo hata kikombe hakitavunjika. Halafu tuone kama hatakuja kwa miguu yake kupiga hodi hapa."

Ndicho alichokuwa anakitaka, na hakukitaja tena: hodi moja ya mdogo wake. Mtu mwingine angemwendea, akamwambia mdogo wangu tumekosana, tuyamalize. Bi Mwanamkasi alikwenda kuazima masufuria.

Alialika Nguvumali yote kwa siku chache. Alivaa kanga mpya, akapaka wanja, akapita nyumba kwa nyumba, hodi, hodi, "Nasma binti Suleimani anawaalika." Alilitamka jina la mdogo wake mara nyingi kwa wiki ile kuliko miaka yote ya ugomvi, na kila alipolitamka alilitamka kamili, pamoja na baba. Watu wakamjibu, "Tumesikia, inshallah, hongera mama mkubwa." Yeye akasema, "Haya," akageukia nyumba ya pili.

Siku ya kuchambua mchele wanawake walijaa kwa Nasma, kila mmoja na ungo wake. Dada wawili wakawa chumba kimoja kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na katikati yao, mlangoni, Khatib, kama waya wa simu.

"Khatib," alisema Nasma, "mwambie mratibu mchele huu una mawe."

Khatib akageuza shingo, lakini Bi Mwanamkasi hakungoja. "Khatib, mwambie mwenye harusi mchele usingekuwa na mawe tusingeita watu kuuchambua. Tungekaa tukapakana piko mikononi."

"Khatib, mwambie mratibu sikumuuliza."

"Miye naomba kwenda msikitini," alisema Khatib.

"Adhana bado," walijibu wote wawili kwa pamoja, wakatazamana, wakakumbuka, wakainamia nyungo zao. Wanawake waliokuwa mle ndani wanasema nusura dada hao wacheke wenyewe. Nusura.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, kila kitu kilikuwa mahali pake. Wapishi walijua saa ya kuwasha moto. Wasichana wa sinia walijua mlango wa kuingilia na wa kutokea. Wageni wa Maramba walikuwa na mikeka yao upande wenye upepo. Bi Mwanamkasi akarudi kwake, akaosha miguu, akaketi kizingitini. Elizabeti akaja na kahawa.

"Umealika mji mzima," alisema Elizabeti. "Na hapa?"

"Hapa wapi?"

"Mlango huu uliokalia."

Bi Mwanamkasi akanywa kahawa. Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo. Kwa Nasma walidhani mwalikaji hahitaji kualikwa. Majirani walimwona kama mwenye shughuli. Wapishi walimwona kama bosi.

"Mie umenialika," aliendelea Elizabeti. "Ulitoka hapo ulipokaa, ukavaa kanga ya kutokea, ukavuka ua, ukasimama pale kwangu, ukasema maneno yote mpaka jina la baba yenu. Kisha ukarudi ukakaa palepale ukaomba chumvi. Sasa wewe nani kakwambia nini?"

"Hakuna."

"Basi, huendi?"

"Mtu asiyealikwa haendi. Nimewaambia watu maneno hayo miaka yote, leo niyameze?"

"Sasa nisikilize. Toka nje, piga hodi, uitikie karibu mwenyewe, ujialike. Una kanga ya kutosha."

Elizabeti alikuwa anacheka. Bi Mwanamkasi aliutazama mlango wake, akautazama kwa muda, akapima umbali wa kusimama. Elizabeti akaacha kucheka.

"Mwanamkasi, nilikuwa natania."

"Najua."

"Nikualike mie?"

"Wewe si mwenye harusi."

Asubuhi ya harusi Elizabeti alivaa sare akaenda. Bi Mwanamkasi alibaki. Alitandika foronya kwenye cherehani, akashona, akafumua, akashona. Simu aliiweka kwenye kigoda mbele yake, sauti juu. Alikuwa na hakika itaita. Wataitafuta miiko mikubwa. Wataitafuta chumvi. Watu wa Maramba watakaa kwenye jua, mzee wao atanuna, na mtu atasema jamani, Bi Mwanamkasi yuko wapi? Ndipo Nasma atalazimika kuja.

Simu iliita mara moja. Ilikuwa sauti ya kampuni ya simu ikimpongeza, kwani anaweza kushinda pikipiki.

Vipaza sauti vilisikika kutoka mitaa miwili. Nikahi ikapita. Vigelegele vya wanawake vikafuata. Harufu ya pilau ikaja, nayo haikuwa na moshi wala kuungua hata kidogo. Baada ya adhuhuri Elizabeti akarudi kubadilisha viatu, kwa sababu viatu vya harusi vimetengenezwa na watu wanaochukia wanawake.

"Vipi?" aliuliza Bi Mwanamkasi.

"Nzuri."

"Pilau imeshika chini?"

"Haikushika."

"Watu wa Maramba wamekosa pa kukaa?"

"Wamekaa. Wamelala, wengine."

"Maji yamekatika?" Sasa alikuwa anauliza kama mtu anayeomba dua.

"Yanatoka."

"Na mie? Hakuna aliyeniulizia?"

Elizabeti alikaa chini kabla ya kujibu. "Jikoni wanadhani uko ndani kwa bibi harusi. Kwa bibi harusi wanadhani uko jikoni. Wanaume wanadhani uko kwa wanawake. Kila mtu ana hakika uko, kwa sababu mambo yanakwenda. Mwanamkasi, umeifanya kazi vizuri mno. Hiyo ndiyo adhabu yako."

Kisanduku cha hereni, ukishazipanga vizuri, unafunga kifuniko, na hakuna anayefikiria kisanduku. Hayo Bi Mwanamkasi hakuyasema, ila aliondoa simu kwenye kigoda akaitia chini ya mto.

Elizabeti alikuwa bado anatafuta ndala zake bajaji iliposimama nje ya geti la bati. Geti likasukumwa bila hodi. Akaingia Nasma, mama wa bibi harusi, amevaa dhahabu yote aliyokuwa nayo na nyingine ya kuazima, piko mikononi, jasho usoni, kilemba kimeinama upande kama kofia ya askari mlevi. Watoto wa jirani walipanda ukuta. Elizabeti akashika beseni akaanza kufua nguo iliyokuwa imekwisha kauka.

"Uko wapi?" alisema Nasma. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa dada yake bila Khatib katikati.

"Niko kwangu. Kwani unaniona wapi?"

"Nimekutafuta toka asubuhi. Naenda jikoni, naambiwa uko ndani. Naenda ndani, naambiwa uko jikoni. Nimezunguka nyumba yangu mwenyewe kama mwizi."

"Kuna kilichoharibika?"

"Hakuna."

"Basi wanitafutia nini?"

Nasma alivuta pumzi. "Nilitaka unipangie kazi, nikukatalie. Mbele ya watu. Nilikuwa najua utafanya tu, utakuja uniambie Nasma kaa pale, Nasma usishike hicho. Nimeyaweka maneno yangu tangu siku niliyomtuma Khatib. Asubuhi nimeyapitia tena nikipakwa wanja. Sasa hukuja. Nitampa nani?"

"Nipe mie. Nimekaa nasikiliza."

Nasma akatazama ua, akamtazama Elizabeti na nguo yake moja, akawatazama watoto ukutani. Kisha akaona hajali.

"Siku ya mama," alisema, na sauti ikashuka. "Nilivuka maji kutoka Wete usiku kucha, natapika, nimeshika ubao wa boti, najiambia nikifika nitamwosha. Angalau miguu. Nilikupigia simu nikakwambia mnisubiri. Nimefika asubuhi na mapema, maziko baada ya adhuhuri, na mama ashaoshwa, ashavishwa sanda, kila kitu tayari. Waoshaji washaondoka. Nikakuuliza, dada, nifanye nini? Unakumbuka ulivyonijibu?"

Bi Mwanamkasi akaikunja foronya yake.

"Ulisema, kaa hapo kwenye mkeka, utaletewa chai. Na chai ikaja. Kwenye kisahani, Mwanamkasi. Mie umeniletea kikombe na kisahani, nyumbani kwa mama yangu, kama mke wa mkuu wa mkoa. Nilitaka kazi, ukanipa chai. Basi na mimi nimekupa kazi."

Elizabeti alikuwa ameacha hata kujifanya anafua.

Bi Mwanamkasi alikuwa na majibu. Angeweza kusema maji yalikuwa ya shida siku ile, kwamba waoshaji walikuwa na msiba mwingine, kwamba joto lilikuwa kali na maiti haingoji. Mengine yalikuwa kweli. Aliyapanga kichwani, moja baada ya jingine, vizuri kama kawaida yake, akayaona yalivyopangika, akayaacha.

"Nilidhani nakupumzisha," alisema. "Niliona mtu ametoka safari. Sikumwona mtoto wa mama."

"Hiyo ndiyo tabu yako. Wewe ukimwona mtu, unaona pa kumkalisha."

"Kweli."

Nasma alikuwa amejitayarisha kwa kila neno isipokuwa hilo. Mikono ikamshuka, dhahabu ikilia. Nje, dereva wa bajaji akapiga honi, kwa adabu, kama mtu anayejua kwamba amebeba mama mwenye harusi na kwamba mama huyo amekasirika.

"Haya," alisema Nasma. "Watu wanangoja kupamba. Twende."

Bi Mwanamkasi hakuinuka. "Siwezi."

"Huwezi nini? Miguu?"

"Sijaalikwa."

Nasma akamtazama Elizabeti kama anayetafuta shahidi. Elizabeti akainua mabega. "Usinitazame mie, mwenzangu. Mie mwenyewe nilialikwa na huyo kutoka hapo mpaka hapo, akiwa amepaka wanja."

"Mwanamkasi, bajaji inasubiri."

"Nimeisikia."

"Kwangu kuna watu wa Maramba wametoka alfajiri, wanataka kumwona bibi harusi wao."

"Wana haki."

Basi Nasma binti Suleimani, na kilemba chake kimeinama, akatoka nje ya geti. Akalivuta likafunga. Kwa muda ikasikika tu dhahabu ikigongana, anajiweka sawa. Watoto waliokuwa ukutani wakageuka upande wa pili ili waone.

"Hodi."

"Karibu," alisema Bi Mwanamkasi, na sauti yake, ile inayotangulia, ilichelewa kutoka.

Nasma akafungua, akasimama kizingitini, hakuingia. "Nasma binti Suleimani," alianza, "anakualika kwenye shughuli ya mwanawe, Khairiya. Leo, kupamba." Akakwama. Alikuwa ameruka kuchambua mchele, ameruka kupika, ameruka nikahi. Bi Mwanamkasi alifungua mdomo amsahihishe. Elizabeti akakohoa. Bi Mwanamkasi akaufunga.

"Anakualika kama dada yake," aliendelea Nasma. "Uje na mikono mitupu. Usishike sufuria. Usimhamishe mtu. Usiulize sinia ngapi. Uje ukae."

"Nimesikia," alisema Bi Mwanamkasi. "Inshallah."

Akaingia ndani kuvaa, na safari hiyo alichelewa, kwa sababu hakujua mtu asiye na kazi huvaa nini kwenda harusini.

Walipanda bajaji wote watatu. Turubai lilikuwa limejaa, wanawake bega kwa bega, na hawakuwa wamekaa sawa hata kidogo: watu wa Maramba walikuwa wamesogezwa nyuma ya nguzo na wanawake wa mtaa waliotaka kuona, na kina mama wazee walikuwa upande wa vipaza sauti. Bi Mwanamkasi aliyaona yote kabla ya mguu wake wa pili kushuka. Mpishi mmoja akamkimbilia.

"Bi Mwanamkasi, afadhali. Halua ya wageni tuanzie upande gani?"

"Sijui," alisema Bi Mwanamkasi.

Neno hilo lilipita kwenye mikeka kama habari ya moto. Sijui? Amesema hajui? Anaumwa? Mwanamke mmoja alimgusa paji la uso. Mpishi alisimama na trei yake, akasubiri jibu la pili, na lilipokosekana akatumia akili yake mwenyewe, ambayo, ilidhihirika, alikuwa nayo. Alianzia kwa watu wa Maramba. Walipomwona anahangaika kuwafikia nyuma ya nguzo, wanawake wa mtaa wakaona haya, wakasogea wenyewe.

Bi Mwanamkasi alisimama katikati ya yote hayo, mikono imemning'inia. Kwa miaka mingi aliikalisha Nguvumali nzima, wafiwa na maharusi, wenye vyeo na wenye visirani, na hakuwahi hata siku moja kujitafutia mahali. Aliigeukia sauti ya dhahabu iliyokuwa nyuma yake.

"Nasma," alisema. "Nikae wapi?"

Nasma alishika kiuno. Alilitazama turubai lote, mbele hadi nyuma, akainamisha kichwa kama fundi anayepima ukuta, akaonja ile raha. Alimwonyesha mkeka wa pembeni, akakataa mwenyewe. Akaonyesha viti vya nyuma, akakataa. Wanawake wakaanza kucheka, na Bi Mwanamkasi akavumilia.

"Pale," alisema hatimaye, akionyesha kiti kilichopambwa mbele, karibu na jukwaa la bibi harusi.

"Kile si chako? Cha mama mzazi?"

"Umeanza kupanga?"

Bi Mwanamkasi alikwenda akakaa. Nasma akaja akaketi chini, kwenye mkeka, mbele ya dada yake, akavua viatu vyake vya mateso, akaegemeza mgongo kwenye magoti ya Mwanamkasi kama alivyokuwa akifanya akisukwa utotoni. Kilemba bado kilikuwa kimeinama. Mwanamkasi alikiona. Kidole chake kiliinuka.

"Nimekwambia usiguse kitu," alisema Nasma bila kugeuka.

Kidole kikashuka. Muziki ukabadilika, vigelegele vikaanzia mlangoni vikaja mbele, na Khairiya akatoka ndani amefunikwa shela, anatembea taratibu sana, akipita kushoto mwa nguzo mahali ambapo, kwa mpango, alitakiwa kupita kulia. Bi Mwanamkasi alimwacha apite.